Jeki Iliyonuka Samaki

Paka walijua kabla yangu. Walikuwa watatu, wawili wa rangi ya majivu na mmoja mweusi aliyekatika sikio. Kila asubuhi waliiendea jeki ya gereji wakailamba chini, pale inapokanyaga ardhi. Mimi ndiye mwenye samaki, lakini walinipita na karai langu, wakainama chini ya mabati, wakaenda kulamba chuma.

Niliwaona kwa sababu mimi huona chini. Wacha nieleze vizuri.

Nakaanga samaki hapa Mamboleo, kando ya barabara inayotoka Muhoroni. Mara nyingi nauza mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, inayobaki minofu ikishatolewa, kwa sababu wenye malori ya miwa wanaipenda. Nyuma ya jiko langu kuna gereji, na mwenye gereji ni mume wa binti yangu. Kwetu mama mkwe na mkwe hawaangaliani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakiwa na neno, neno hilo linapitia kwa mtu mwingine. Mkwe akiwa amelala, mama mkwe hapiti hapo. Vijana wa mjini wanacheka, wanasema ni mambo ya kale. Mimi niliyakuta kwetu na yeye aliyakuta kwao, na hakuna kati yetu aliyeona haya kuyashika.

Kwa hivyo alipofungua gereji, kabla hajaleta hata spana moja, alipigilia ukuta wa mabati kati ya jiko langu na kazi yake. Nilimheshimu sana kwa hilo. Lakini mabati hayakufika chini. Yaliacha nafasi kutoka ardhini mpaka kama kwenye goti, na mimi hukaa kwenye kigoda kifupi. Mtu aliyesimama haoni kitu. Mimi nikigeuza kichwa naona magurudumu, buti, mpira wa upepo uliolala kama nyoka, na jeki. Kwa miaka minne gereji ile nimeijua kutoka magotini kwenda chini. Yeye hakujua kwamba naona. Nikiona buti zake zimelala, visigino chini na vidole juu, nageuza kigoda naangalia barabara.

Jeki yenyewe niliitoa mimi. Ilikuwa ya marehemu mume wangu. Yeye alifanya kazi miaka mingi mjini kwa mzee mmoja Mhindi wa kilemba, aliyekuwa na karakana ya malori karibu na reli. Mzee alipozeeka na watoto wake wakahamia ng'ambo, aligawa vyombo vyake, na mume wangu akapata ile jeki. Si ya kupiga kwa mkono. Unaiunganisha na kompresa kwa mpira, unabonyeza kishikio, upepo unasukuma mafuta yaliyo ndani, na nguzo yake inapanda polepole ikiwa na lori mgongoni. Inapanda kwa sauti ya mtu anayekoroma.

Mimi shule niliachia darasa la nne. Lakini nilikuwa napeleka chakula cha mchana pale karakana, nikisubiri sahani, na macho ninayo. Mzee wa kilemba hakuruhusu mtu kuharakisha kitu. Kwanza lori lisimame mahali pagumu na sawa. Pakiwa na udongo, bamba la chuma linawekwa chini ya jeki. Breki ya mkono ivutwe, magurudumu yanayobaki chini yawekewe kabari mbele na nyuma. Ndipo jeki iingie, na iingie ikiwa wima kabisa, kichwa chake kikiwa kimeshika chuma kinene. Ikishainua, stendi mbili zinawekwa, halafu jeki inashushwa kidogo mpaka uzito wote ukae juu ya stendi. Mzee analisukuma lori kwa bega. Lisipotikisika anasema, "Sasa ingia."

Siku moja kibarua mpya alimuuliza, "Mzee, jeki ina nguvu ya kuinua lori lote, stendi ya nini tena?"

Mzee akamwangalia kama mtu anayemwonea huruma. "Jeki kazi yake inua," akasema. "Ikishainua imechoka. Wewe utalala chini ya kitu imechoka?"

Na jioni kabla ya kufunga, kompresa ilifunguliwa chini ikamwagwa maji, kwa sababu upepo wa huku kwetu kando ya ziwa una maji mengi, na maji yakiingia kwenye jeki yanakula chuma kwa ndani. Nguzo ilipanguswa kwa kitambaa ikarudishwa ndani yote, isilale nje ikiokota mchanga. Na mafuta yake yalikaa kwenye mkebe wake peke yake, juu ya rafu peke yake. Mume wangu aliambiwa, na mimi nikasikia, kwamba jeki hainywi mafuta ya breki, hainywi oili ya injini, inakunywa mafuta yake tu, na ukiipa kitu kingine itakungoja siku yake.

Hayo yote mkwe wangu aliyajua. Binti yangu alimfikishia kila neno siku nilipoitoa jeki, na nilikuwa namwona akiyafuata. Naweza kusema ukweli juu ya mtu hata kama simwangalii usoni. Stendi zake mbili zilikuwa chini ya kila gari kabla buti zake hazijalala. Basi sikuwa na wasiwasi. Nilikaanga samaki wangu.

Mvua za mwaka ule zilipoanza ndipo paka walipoanza na wao.

Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya tatu sikucheka. Nikiisha kukaanga mimi hungoja mafuta yapoe, nayachuja kwa kitambaa, nayaweka kwenye jerikeni ndogo ya manjano, na jerikeni nailaza kwenye kibanda cha vyombo vya gereji, kwa sababu kibanda kile kina kufuli na mimi sina. Binti yangu ndiye aliyepanga hivyo. Siku hiyo niliinua jerikeni nikaona ni nyepesi. Mafuta hayapungui yenyewe.

Palikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma anayefanya kazi pale gerejini, mtu mzima mwenye watoto, lakini mdomo wake haujawahi kukua. Yeye ndiye aliyekuwa akija upande wangu kununua chakula, na binti yangu akiwa hayupo, yeye ndiye aliyebeba maneno kati yangu na mkwe.

Nikamuuliza, "Mafuta yangu yamekwenda wapi?"

"Mama, samaki wameyafuata. Wamerudi ziwani nayo."

"Sikuulizi mchezo."

Akajikuna shingo. "Jeki ilikuwa na kiu, Mama. Mafuta yake yaliisha, na dukani wanasema mpaka wiki ijayo. Nikaona yako safi, ya manjano, hata yanang'aa kushinda yale ya duka. Mafuta ni mafuta."

Nikaweka jerikeni chini. "Umetia mafuta ya samaki kwenye jeki ya lori?"

"Kidogo tu. Na inainua, Mama! Juzi imeinua trekta. Labda imepata nguvu ya mbuta."

"Yale mafuta yana unga. Yana chumvi. Yana maji ya samaki. Nayachuja kwa leso kuukuu, si kwa mashine. Huyo aliye ndani anajua?"

Akaanza kuchagua samaki, nikapata jibu langu. Mkwe wangu hakujua. Alikuta jeki imejaa, akashukuru.

"Sikiliza," nikamwambia. "Leo hii umwambie. Muimwage yote, muioshe, muitie mafuta yake. Kama hakuna, jeki ilale mpaka yapatikane."

"Sawa, Mama. Leo."

"Leo ipi?"

"Leo hii, Mama. Nitamwambia akishakula, akiwa na roho nzuri."

Mtu mwenye akili angesema, kwani mkwe mwenyewe hana pua? Nami nakuambia, hapo ndipo ubaya ulipojificha. Uwanja wote ule unanuka samaki wangu. Mabati yananuka, nguo za mafundi zinanuka, viti vya malori vinanuka. Jeki ikinuka samaki ni nani atakayeshangaa? Paka peke yao ndio waliotofautisha.

Jioni ile nilimwambia pia binti yangu, nisiache neno kwa mdomo mmoja. Nikamwambia mwambie mume wako jeki ina mafuta ya samaki, na paka wanailamba kwa sababu inavuja. Binti yangu ni mpole kupita kiasi. Aliona vibaya kumwendea mumewe na lawama iliyotoka kwa mama yake, tena juu ya kazi yake ya kiume. Baadaye alinieleza alichosema. Alisema, "Mama anasema paka wanachafua jeki."

Na mkwe wangu, kwa heshima yake, akajibu, "Mwambie Mama asante, nitawazuia."

Asubuhi nikaona chini ya mabati kwamba jeki imefunikwa gunia, na gunia limewekewa jiwe. Paka wamekaa mbali wakiliangalia. Nikaelewa kwamba neno langu lilifika likiwa limevuliwa nguo. Nikamwuliza fundi wa kuchomelea kama amesema, akasema amesema. Alikuwa hajasema. Aliogopa kufukuzwa. Haya niliyajua baadaye, siku ambayo hayakuwa na faida tena.

Wiki ile yote niliitazama jeki kuliko samaki. Niliunguza samaki. Nilikuwa naona inainua gari sawasawa, stendi zinaingia, inashushwa, buti zinalala, nami nageuza kigoda. Lakini kila ikiachwa na mzigo bila stendi, hata kwa muda wa mtu kwenda kuchukua spana, naona nguzo inarudi ndani. Si kwa haraka. Kama jua linavyosogea ukutani, ukiliangalia halisogei, ukiangalia kando ukarudi limesogea. Na chini yake udongo ulikuwa na doa jeusi linalokua, na siafu walikuwa wamelipata.

Nikajiambia, stendi zipo. Akiweka stendi hakuna neno.

Halafu ikaja siku ya stendi kutokuwepo.

Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi, jua kali baada ya mvua. Trekta ya mtu mmoja wa mashambani ilikuwa imepandishwa juu ya stendi zote mbili tangu jana, haina magurudumu ya nyuma, inangoja vyuma. Fundi wa kuchomelea alikuwa nyuma yake akichomelea, ngao yake usoni. Binti yangu alikuwa amekwenda soko la Kibuye kutafuta nguo za mitumba za watoto. Likaja lori la miwa kutoka upande wa Muhoroni, limejaa mpaka juu, limeegemea upande mmoja kama mtu mwenye jipu. Springi ya nyuma ilikuwa imekatika, tumbo lake likawa karibu kugusa ardhi. Dereva alipiga kelele hata kabla ya kushuka. Miwa imekatwa tangu juzi, kiwanda hakitaipokea ikikauka, atengenezewe sasa hivi. Nilimsikia mkwe wangu akisema stendi zina kazi. Nikamsikia dereva akisema, "Fundi, ni boliti mbili tu! Ingia utoke!" Kisha dereva akapanda pikipiki kwenda kutafuta hizo boliti, akamwacha mkwe wangu na lori.

Niliona gunia likiondolewa. Niliona bamba la chuma likiwekwa, kabari zikiwekwa. Mpaka hapo sikuwa na la kumlaumu. Jeki ikaingia nyuma, chini ya chesisi. Kompresa ikanguruma. Jeki ikakoroma, lori likapanda, na mbele ya macho yangu mwanga ukafunguka chini yake. Lori lilikuwa limenipa mgongo, nikawa naona kupita chini ya tumbo lake mpaka kwenye njia ndogo inayopita ng'ambo ya gereji, naona watu wanaotembea kule kuanzia magotini kushuka. Nilingoja aweke kitu. Gogo, jiwe la ujenzi, rimu kuukuu, kitu chochote. Buti zikasimama kidogo, kama zinafikiri. Kisha zikalala. Akajivuta ndani kutoka nyuma, miguu ikabaki nje upande wangu.

Siku hiyo sikugeuza kigoda.

Niliangalia njia ile kupitia chini ya lori. Akapita mwanamke na leso ya buluu, nikaona magoti yake. Wakapita watoto wa shule, nikaona soksi zote. Nikageuza samaki. Nikaangalia tena. Akapita mtu wa mkokoteni, nikaona nusu ya miundi yake. Nikasema labda ni mrefu. Akapita mwanamke mwingine na beseni, na sikuona miundi. Niliona vifundo na viatu.

Niliita. "We fundi! Wewe wa kuchomelea!" Kompresa ilikuwa inanguruma inajaza tangi, na cheche zilikuwa zinaruka nyuma ya trekta. Hakusikia mtu. Nikaita tena mpaka koo likaniuma. Nikaangalia chini, na paka mweusi alikuwa amerudi, amekaa karibu na jeki, analamba ardhi.

Nikaondoka kwenye kigoda. Samaki niliwaacha kwenye moto. Nikauzunguka ukuta wa mabati, mahali ambapo kwa miaka minne sikuwahi kukanyaga mkwe wangu akiwa ndani. Cha kwanza nilizima kompresa, swichi yake ni kubwa nyekundu, hata mimi naijua. Uwanja ukanyamaza ghafla. Katika ule ukimya niliisikia jeki. Ilikuwa inatoa sauti nyembamba, kama mtu anayevuta mate kwenye meno.

Nikasema kwa sauti kubwa, "Toka! Toka hapo chini!"

Na sasa nitasema jambo ambalo bado linanifanya niamke na kukaa. Alisikia sauti yangu. Aliona akala zangu, hivi viatu vya tairi, zikija nyuma ya lori. Mimi na yeye hatujawahi kusemezana, basi hakufikiri kwamba ninasema naye. Alidhani nafukuza paka. Akaona mama mkwe anakuja, na yeye amelala chali, ovaroli imefunguliwa vifungo kwa joto, miguu imetapakaa. Akafanya kile ambacho mkwe mwenye adabu anapaswa kufanya. Akakunja magoti, akavuta miguu, akajificha ndani zaidi.

Nilisimama. Kila hatua niliyopiga kumfuata ilikuwa inamsukuma ndani. Nikipiga nyingine ataingia mpaka katikati, pale chesisi ilipo chini kabisa.

Nikamwita kwa jina la watoto wake. "Baba wajukuu wangu! Lori linashuka!"

Alinyamaza kimya. Heshima tupu. Hata kupumua alikuwa ameacha, nadhani, ili nisijue yupo.

Fundi wa kuchomelea alikuwa amesikia kompresa imezimwa, akaja anakimbia, ngao imeinuliwa kichwani. Akaona nguzo ya jeki. Uso wake ukabadilika, nikajua hapohapo kwamba hakuwa amesema kwa mtu yeyote.

"Niongeze upepo!" akasema, akashika kishikio cha jeki.

"Usiguse!"

"Mama, itaanguka!"

"Ukiisukuma ikiwa hivyo itapasuka au itateleza. Toa mkono! Mtu yuko chini!"

Alitoa mkono kama ameungua. Magoti yangu ni mabaya, siwezi kutambaa, na miguu ya mkwe wangu haikuwa tena nje, mahali pa kushikwa. Kumvuta sikuweza. Kumwita haikusaidia. Lakini kama alikuwa ananikimbia, basi angenikimbia kokote nitakakotokea.

Nikaenda mbio, mbio zangu za kizee, nikazunguka ubavuni mwa lori, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, upande wa kichwa chake. Nikapiga magoti kwenye oili. Nikashika ardhi kwa mikono miwili, nikaingiza kichwa chini ya lori, nikamwangalia mkwe wangu usoni.

Ni mara ya kwanza. Sikujua ana kovu dogo juu ya nyusi. Alikuwa karibu hivi kwamba ningeweza kumgusa. Macho yake yakakutana na yangu, akafunika uso kwa mkono wenye spana.

"Toka," nikamwambia, nikasogea mbele.

Akarudi nyuma. Alijivuta kwa visigino na viwiko, akatambaa kinyumenyume kwa mgongo, akinikimbia, na mimi nikaendelea kuingiza kichwa na kumkazia macho bila kupepesa, ili asipate mahali pa kujificha. Kitu kilimkwaruza kifuani, nikasikia ovaroli ikichanika. Akaendelea. Magoti yakatoka nyuma, kiuno kikatoka, fundi wa kuchomelea akakamata kiuno cha ovaroli na kuvuta. Nikatoa kichwa changu.

Jeki haikupiga kishindo. Iliguna tu, ikakaa chini. Lori likashuka nyuma, miwa ikanong'ona yote pamoja juu, na mwanga chini yake ukafungwa. Spana aliyoiacha iliingia ardhini mpaka haikuonekana tena.

Tulibaki hivyo. Mimi ubavuni nimepiga magoti, siwezi kuinuka. Yeye upande wa nyuma amekaa chini, damu kidogo kifuani, amenipa kisogo. Fundi wa kuchomelea katikati yetu analia kama mtoto.

Mkwe wangu akasema, bila kugeuka, "Muulize Mama kama ameumia."

Fundi wa kuchomelea akapangusa pua. "Mama, anauliza kama umeumia."

"Mwambie sijaumia. Mwambie jeki yake ina mafuta yangu ya samaki tangu mvua ilipoanza, na wewe ndiye uliyetia, na hilo utamwambia kwa maneno yako mwenyewe sasa hivi, mimi nikisikia."

Akamwambia. Mkwe wangu alisikiliza mpaka mwisho. Hakumpiga, hakumtukana. Alisema tu, "Niletee sufuria." Wakaivuta jeki, wakaifungua papo hapo. Kilichotoka kilikuwa kizito na cha kahawia, kama uji uliolala, na kile kipete cha mpira cha ndani kilikuwa kimevimba mpaka kimepoteza umbo. Kwenye kijitundu cha kushushia palikuwa na chembe za unga. Unga wangu, ule ninaowapaka samaki wasishike karai. Mkwe wangu aliziweka kwenye kiganja akaziangalia kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeshainuliwa, nimerudi kwenye jiko. Samaki wote walikuwa makaa.

Binti yangu alirudi kutoka Kibuye mchana na mfuko wake wa mitumba. Alikuwa ameshaambiwa njiani, habari mbaya huku hupanda pikipiki. Hakwenda kwanza kwa mumewe. Alikuja kwangu, akasimama.

"Mama, ni kweli ulimwangalia?"

"Nilimwangalia."

"Usoni?"

"Usoni. Akiwa amelala chali."

Akaketi kwenye mfuko. "Kwao watasema nini?"

"Waje waseme. Kama panatakiwa kitu cha kutengeneza hiyo aibu, nitatoa. Lakini na wewe utaniambia neno nililokutuma ulilipeleka vipi."

Akaniambia. Alilia akiniambia, na sikumzuia. Siku hizo zote nilikuwa nimeketi kigodani naangalia nguzo ile ikirudi ndani, nikitumaini midomo ya wengine, na miguu ninayo. Hilo pia nilimwambia, ili asidhani mzigo ni wake peke yake.

Baadaye akapangusa macho kwa ncha ya leso. Akauliza kwa sauti ndogo, "Alikuwaje? Alipoona linashuka, uso wake ulikuwaje?"

Nilifikiri nimdanganye. Sikuzoea.

"Hakuona linashuka," nikasema. "Lilikuwa juu ya kifua chake, pana nafasi ya kiganja, na hakuliangalia hata mara moja. Alikuwa ananiogopa mimi."

Binti yangu aliinuka kwenye mfuko. Alichota maji kwenye ndoo yangu, akachukua kitambaa safi, akauzunguka ukuta wa mabati kwenda kumwosha kifua.